Valvu Iliyofichwa Migombani kwa Baba Mkwe

Mkinikuta nimesimama kando ya njia, ncha moja ya nondo ikiwa ardhini na nyingine nyuma ya sikio langu, msinipite mkicheka. Bado nasikiliza. Nimestaafu, magoti yamechoka, lakini sikio halikupewa barua ya kustaafu, na kila nikipita juu ya bomba la zamani linaniita. Wajukuu wangu wanaona haya kwenda nami kanisani. "Bibi, twende, watu wanatuangalia." Wacha waangalie.

Nawaandikia ninyi vijana mnaosomea maji vyuoni, hasa wale watatu waliokuja kwangu mwezi uliopita na kile kidude chao cha kuonyesha mahali, wakaniuliza mabomba ya zamani yamepita wapi. Niliwaonyesha, nikawapa na ndizi za kula njiani. Mmoja wao, mwembamba mwenye miwani, alikuwa anaandika kila neno nililotamka. Kuna jambo nilitaka kumwambia kabla hajaondoka, mvua ikaanza, tukakimbilia barazani, nikasahau. Jambo lenyewe linahitaji sentensi moja tu, lakini mimi sijawahi kusema kitu kwa sentensi moja, kwa hiyo kaeni vizuri.

Naitwa Subilaga. Wengi wananiita Mama Fundi. Nilianza kazi miaka ile ya ruksa, mitumba inateremshwa Tukuyu kwa marobota, kila mwenye kibanda anafungua duka, na kila kilichokuwa cha serikali kinatafutiwa mwenyewe. Maji nayo hayakuachwa. Mradi wetu ulikuwa wa mserereko, yaani maji yanateremka yenyewe kutoka chanzo cha mlimani mpaka vijijini, hakuna pampu wala mafuta. Serikali ndiyo iliyoujenga. Siku moja tukaambiwa sasa ni wenu, undeni kampuni ya watumia maji, chagueni bodi, ajirini mafundi wenu. Tukaunda. Vijiji vinne kuelekea Kisondela, na ofisi ya chumba kimoja iliyopakana na duka la Bwana Shabani, aliyetuuzia koki, katani, biskuti na ubani juu ya kaunta moja.

Mafundi tulikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Mzee Ambakisye, mtu wa Kisiba, aliyeshika spana tangu bomba la kwanza lilipolazwa mtaroni. Wa pili mimi, niliyechukuliwa kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne na nilikuwa na mwandiko mzuri. Mume wangu alikuwa kwenye kiwanda cha chai, anarudi Jumapili. Aliposikia mkewe atakuwa anabeba spana aliuliza swali moja tu, kama hiyo kazi inatoa buti. Ilitoa.

Nilimwita Mzee Ambakisye Tata, ndiyo baba kwa Kinyakyusa. Alikuwa mrefu kuliko milango mingi ya wilaya hii, na Kiswahili chake kilipitia kwanza nyumbani kwa mama yake kabla hakijatoka nje. Valvu kwake ilikuwa "falfu", mwezi ulikuwa "mwesi". Nilimcheka kichinichini miezi mitatu, mpaka siku alipokuja injinia kutoka Mbeya, nikasimama mbele yake kwa madaha na kusema, "Mheshimiwa, hii falfu tuliifunga jana." Tata aligeuka akatazama mlima kwa muda mrefu, mabega yakimtikisika.

Somo lake la kwanza lilikuwa kuhusu kufungua. "Falfu unaifungua kama unavyomwamsha mkwe," aliniambia. "Polepole, na kwa heshima." Nilisikia, sikuelewa. Wiki yangu ya kwanza nikafungua valvu kubwa ya barabarani kwa nguvu zangu zote za ujana, zungusha, zungusha. Maji yaliyokuwa yamesimama juu ya kilima yakashuka kwa kishindo, bomba likagonga, na kiungo cha chini kikachomoka sekunde ile ile mchungaji wetu alipokuwa anapita na baiskeli, kavaa suti ya harusi. Sikuwahi kuona mchungaji akibatizwa mara ya pili. Harusi ilichelewa, na mimi Jumapili tatu nikakaa benchi la nyuma kabisa. Tangu siku hiyo nafungua robo mzunguko, nasikiliza, natulia, robo nyingine. Hata koki ya jikoni kwangu naifungua hivyo hivyo, wageni wanadhani nabana maji.

Halafu kuna habari ya kutafuta bomba linalovuja. Vitabu vyenu vinasema tazameni mahali majani yamekuwa mabichi kuliko kwingine. Aliyeandika hivyo hajafika Rungwe. Huku jiwe lenyewe ni bichi. Tata alinifundisha kutazama kamba za kuanikia nguo. Ukimwona mama anafua mablanketi siku ya kazi, na baadhi ya mablanketi ni ya jirani, usimsumbue kwa maswali. Msalimie, zunguka nyuma ya nyumba, utakuta bomba lako linabubujika na beseni limewekwa chini yake. Tulikamata mivujo mingi kwa njia hiyo. Na mama huyo ndiye atakayekuletea chai ukiwa unaziba, kwa sababu anajua unajua.

Sasa nije kwenye daftari.

Kampuni haikuwa na ramani. Tuliambiwa ramani iko Mbeya, na Mbeya walisema iko Dar es Salaam. Ramani yetu ilikuwa kichwa cha Tata. Alijua kila kiungo, kila valvu, kila mahali bomba lilipokwepa jiwe. Bodi ikaniagiza nitembee naye mstari mzima na kuandika. Nilinunua kwa Bwana Shabani daftari la jalada gumu jekundu, tukaanza kwenye chanzo. Jiwe lenye ufa, hatua kumi kushoto. Mparachichi wa kanisa, hatua sita upande wa bonde. Tata hakuwa na kaskazini wala kusini. Alikuwa na bonde, na alikuwa na kumwanya, yaani juu, upande wa mlima. Ukishajua mlima uko wapi, huku kwetu unajua kila kitu.

Siku ya tatu mstari ukaingia kwa baba mkwe wangu.

Hapa lazima niwaeleze ninyi wa mjini. Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe. Tunaita kutila, na ni heshima yenye hofu ndani yake. Usikutane naye njiani. Ukimwona anakuja, unaingia kichakani hata kama kuna upupu. Usitaje jina lake. Usikanyage alipo, wala usiongee naye. Kuna waliokuwa wameanza kulegeza, hasa waliosoma, lakini baba mkwe wangu hakulegeza kitu. Alikuwa mzee wa zamani kweli kweli, na mimi, ingawa nilivaa buti na kubeba spana, nilimwogopa kuliko radi.

Na valvu muhimu kuliko zote ilikuwa migombani kwake. Shamba lake liko kwenye kinundu, bomba linapanda pale kidogo kabla ya kushuka kwenda kijiji cha mwisho. Mahali kama hapo hewa inajikusanya juu ndani ya bomba na kuziba njia, maji yasipite kabisa. Kwa hiyo panafungwa valvu ya hewa, kidude cha kuitoa hewa ile. Kikikwama, kijiji cha mwisho kinakauka huku tanki la juu limejaa na kumwagika. Zamani kisima cha valvu kilikuwa na mfuniko wa chuma. Biashara ya vyuma chakavu ilipopamba moto, mfuniko ukaondoka asubuhi moja bila kuaga. Tata akaweka ubao, na juu yake akafukia udongo na majani ya migomba ili ng'ombe wa mzee wasivunjike miguu.

Basi Tata akaingia migombani peke yake. Mimi nikabaki njiani, upande wa juu, nyuma ya ua wa miti, khanga kichwani, mgongo umeelekea shamba. Daftari nimeliegemeza kwenye tawi. Nikamsikia anatembea, akapaza sauti.

"Falfu ya hewa! Kutoka ngomba nkubwa, hatua tano kumwanya!"

"Nimeandika, Tata!"

"Andika na mwesi! Andika na mwaka!"

Nikacheka. Nilidhani ni uzee tu, maana wazee wa makazini wanapenda tarehe kama watoto wanavyopenda mihuri. Sikuandika mwezi wala mwaka. Niliandika: mgomba mkubwa, hatua tano kumwanya. Nikapiga mstari chini kwa rula.

Ikapita miaka sita, kama si saba. Valvu ile Tata aliihudumia mwenyewe siku zote, mimi nikimsubiri nyuma ya ua. Zingine zote nilizijua kwa mikono yangu. Nikawa fundi kweli. Nilichonga uzi kwenye bomba la chuma mpaka mikono ikaota sugu, nikajua kuzungushia katani kufuata uzi unavyokwenda na siyo kinyume chake, nikajua kufunga bomba lililopasuka kwa mpira wa ndani wa baiskeli likakaa miezi mitano. Na kichwa kikavimba, siwafichi.

Kisha bodi ikaita kikao. Mwenyekiti wetu, mtu mpole aliyekuwa mwalimu, akasema kampuni haiwezi tena kubeba mafundi wawili, kila mahali wafanyakazi wanapunguzwa, hata sisi lazima tupunguze. Akauliza, akionekana wazi kwamba hapendi swali lake mwenyewe: "Je, mmoja akibaki, ataweza?"

Mimi nikanyanyua daftari jekundu.

"Yote yamo humu," nikasema. "Daftari linatosha."

Sikusema mzee aondoke. Lakini nilikuwa na akili za kutosha kujua nimesema nini. Niliogopa kurudi kulima tu na kusubiri Jumapili, nilizipenda zile buti, nilipenda kuitwa fundi. Tata alisimama, akanipa mkono mbele ya watu wote, na kesho yake akaniletea spana yake kubwa ofisini, ile ndefu kama mkono wake, imefungwa kwenye gunia safi. "Ndaga, mwanangu," akasema. Ndaga kwetu ni asante, na ni pole pia. Mpaka leo sijui alikusudia ipi. Nilijisikia mwizi, nikajiambia ni mafua.

Haikuzidi miezi minne kijiji cha mwisho kikakauka. Nikapanda kwenye tanki: limejaa, linamwagika. Nikasikiliza bomba la juu ya ua wa baba mkwe: kimya, halafu glo, glo, kama mtu anayemeza chakula kikavu. Hewa. Valvu imekwama. Furaha iliyonijia! Nilijua ugonjwa, na dawa iko ukurasa wa kumi na nne.

Mkutano mkuu wa wanachama ulikuwa Jumamosi, siku nne mbele. Watu wa kijiji cha mwisho walishatuma ujumbe: maji yasipofika kabla ya mkutano, wanajitoa, na wakijitoa kampuni haisimami. Nikamwambia mwenyekiti kabla ya jua kuzama watakuwa wanaoga.

Nikaenda kwa mama mkwe wangu kuomba ruhusa. Mama mkwe alikuwa mcheshi, tulielewana. Akaingia ndani kumwambia mumewe, akatoka amekunja midomo asicheke.

"Anasema uingie. Yeye atakaa chumbani, dirisha limefungwa. Anasema mashimo matatu."

"Matatu ya nini, mama? Mimi nahitaji moja."

"Anasema matatu. La nne, anakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Hataki migomba yake iwe kama uwanja wa panya."

Nikaingia, kichwa kimefunikwa, nikaona mgomba mkubwa, nikahesabu hatua tano kumwanya. Nikachimba. Udongo mweusi laini, jembe linaingia lenyewe. Nikafika magotini, hakuna ubao. Nikafika kiunoni, hakuna bomba wala dalili ya bomba. Nikakaa kwenye ukingo wa shimo nikafikiri kisomi. Nikasema, miguu ya Tata ni mirefu, yangu mifupi, kwa hiyo hatua zake tano ni zangu sita na nusu. Nikapanda juu zaidi, nikachimba la pili. Hakuna.

Njiani walishaanza kusimama watu. Mmoja akauliza kama natafuta rupia zilizofukiwa na Mjerumani, maana huku kwetu ukishika jembe penye shimo lisilo la mgomba, wewe unatafuta rupia. Mwingine akarudi nyumbani kwake mbio, akaja na jembe lake. Ilibidi mama mkwe atoke na mwiko kuwatawanya.

Nikamwomba mama mkwe amuulize baba, maana yeye lazima anajua. Amemwona Tata akifukua pale kila mwaka. Akaingia. Akakaa sana. Akatoka, na safari hii hakucheka.

"Anasema fundi ana daftari. Anasema yeye na Ambakisye walichunga ng'ombe pamoja, wakajenga pamoja, ni wa rika moja. Anasema daftari si linatosha?"

Maneno yangu yenyewe, nimerudishiwa mlangoni mikono ikiwa na matope. Nilisimama pale chini ya migomba nikalia, na sioni aibu kuwaambia. Watu wengi husema maji yamewafika shingoni. Mimi yalinifika hapo kwa kukosekana.

Kesho yake alfajiri nikadandia lori la ndizi mpaka lilipokata kona, mengine nikatembea mpaka Kisiba. Nilimkuta Tata nyuma ya nyumba anatia mpini kwenye jembe la jirani. Nikapiga magoti kwenye umande.

"Ugonile, mwanangu," akanisalimia, kana kwamba tuliagana jana.

"Tata, nimekosa."

"Umekosa nini?"

"Nilisema daftari linatosha. Nilijua ukiondoka wewe nitabaki mimi. Nilijua, Tata, nikasema."

Akaendelea kugonga mpini, mara tatu, nne. Kisha akanyoosha mkono. Nikampa daftari. Alilishika mbali na macho kama wazee wanavyofanya, akafungua ukurasa wa kumi na nne, akasoma kwa midomo. Halafu akaanza kucheka kile kicheko chake cha mabega.

"Mwaka uko wapi?"

"Mwaka gani, Tata?"

"Nilipiga kelele, andika na mwaka. Ukacheka nyuma ya ua, nilikusikia. Mwanangu, ngomba ni jiwe? Ngomba unasaa mtoto, mama anakatwa, mtoto anakuwa mama. Huyo naye anasaa, anakatwa. Kila mtoto amekaa kando ya mama yake. Ngomba unatembea. Wewe umeandika mtu aliyekuwa safarini, halafu unamtafuta pale pale."

Nimezaliwa migombani. Nimekula ndizi kabla sijaota meno. Nimekata migomba na kuchagua machipukizi tangu nina miaka saba. Na bado niliuandika mgomba kama nguzo ya simu. Kosa kama hilo mtu wa Dodoma angesamehewa.

Alivaa koti, tukaondoka.

Alipofika hakunionyesha valvu. Nataka hilo mlielewe vizuri. Alijua ilipo, angeweza kukanyaga tu pale na kwenda kunywa chai. Badala yake akasimama katikati, kati yangu na nyumba, akinipa mgongo, uso dirishani. Dirisha lilikuwa la mbao, limefungwa, lakini nyuma yake palikuwa na mtu, kikohozi chake nilikijua. Mimi niliinama, nikageukia mlima.

"Usinitasame mimi," Tata akaniambia. "Wewe ndiye fundi. Unataka kujua nini?"

Nikafikiri. "Nataka kujua mgomba huu ulipozaa, mwenye shamba aliacha mtoto wa upande gani."

Tata akalielekea dirisha. "Fundi anauliza unaacha mtoto wa upande gani."

Sauti ya baba mkwe wangu, ambayo sikuwahi kuisikia ikijibu swali langu, ikapita kwenye nyufa za mbao.

"Mwambie fundi naacha wa upande wa mlima. Siku sote. Wa bondeni nang'oa, ngomba usije ukateleleka mpaka Kyela."

"Tangu siku ile tulipoandika, mgomba umezaa mara ngapi?" nikamuuliza Tata.

"Anauliza umesaa mara ngapi."

"Huyu aliyesimama ni wa saba."

Kwa hiyo mgomba ulikuwa unapanda kuelekea valvu, na mimi nilikuwa nahesabu hatua zile zile tano kutoka kwenye mgomba uliokwishapanda. Kila mtoto kama wayo mmoja kutoka kwa mama yake. Nyayo saba. Nikavua buti, nikapima kwa miguu yangu mitupu: nyayo saba zilikaribia hatua tatu za Tata. Tano toa tatu. Nikapanda hatua mbili kutoka kwenye mgomba, ndefu kama za Tata, nikiinua sketi, na nikachimba shimo langu la tatu na la mwisho.

Jembe likagonga ubao.

Chini yake valvu ilikuwa imeshikwa na kutu na matope. Nikaisafisha kwa mswaki wa zamani, nikaigonga kidogo na spana kubwa, ile ya Tata, nikalegeza robo mzunguko, nikatulia. Robo nyingine. Kwanza kimya. Halafu psss, ndefu, yenye harufu ya chuma, ikapuliza mpaka khanga ikanitoka kichwani, ikapuliza mpaka nikadhani mlima wote unashusha pumzi. Mwishowe ikatema tone, matone, ikafunga yenyewe. Na ndani ya bomba, chini ya miguu yangu mitupu, maji yakaanza kwenda.

Haikupita muda mrefu tukasikia sauti za wanawake kutoka bondeni. Huwezi kukosea sauti hiyo. Koki zinakohoa kwanza, kisha mtu mmoja anapiga kigelegele, kisha ndoo zinagongana.

Dirisha likasema, "Mwambie fundi afukie mashimo yangu mawili."

Nikageuka, nikasahau kila kitu nilichofundishwa, nikasema moja kwa moja, "Ndiyo, baba." Nikaziba mdomo. Tata naye akaduwaa.

"Na mwambie," likasema, "mama yake ameshaweka ndizi jikoni."

Jumamosi kwenye mkutano mkuu watu wa kijiji cha mwisho walikuja wamenyoosha nguo, hawakutaja tena kujitoa. Mwenyekiti akataka kunipongeza. Nikamwomba nisimame kabla hajaanza. Nikanyanyua daftari lile lile, mahali pale pale.

"Nilisema linatosha," nikasema. "Lina migomba, halina miaka. Miaka anayo yeye." Nikamwonyesha Tata, aliyekaa nyuma karibu na mlango akijifanya anatazama nje. "Kama kampuni ina kazi ya fundi mmoja tu, tugawane siku. Tatu zake, tatu zangu."

Walikubali. Tulifanya kazi hivyo mpaka alipochoka mwenyewe, na siku zake tatu mimi nilikuwa nakwenda vile vile, bila kulipwa, na daftari jipya. Kila mstari una mwezi na mwaka. Alipoondoka duniani walinipa nafasi ya kusema kanisani, nikashindwa, nikalia tu, watu wakaelewa.

Baba mkwe wangu naye alikwenda. Hatukuwahi kutazamana. Maneno yake yote kwangu yalipita kwenye nyufa za dirisha lile, na nikiyahesabu hayajai ukurasa, lakini ninayo yote. Shamba sasa analima shemeji yangu, naye anaacha mtoto wa upande wa mlima kama baba yake. Mwaka jana nilikwenda kutazama. Mgomba ulishaipita valvu siku nyingi, umepanda, umepanda, umefika kwenye ua wa miti, umesimama pale pale nilipokuwa nimesimama mimi na daftari jekundu nikicheka.

Basi wewe kijana mwembamba mwenye miwani. Siku ile uliniuliza bomba kubwa linapita wapi kwangu, nikakuambia hatua nne upande wa bonde kutoka mgomba wa nyuma ya jiko, ukaandika vizuri, ukapiga na mstari. Fungua ukurasa huo sasa hivi. Andika na mwaka.